Mchwa Hawali Pini

Nina mdomo. Nimeambiwa hivyo na mama yangu, na marehemu mume wangu, na wakubwa wa kazi watatu, na wote walisema kweli. Siku hizi umri umenipunguzia pumzi ya kugombana, lakini wakati ninaousimulia hapa nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye sketi mbili za kazini, saa ya mkononi, na cheo cha karani mkaguzi katika ofisi ya mkoa pale Singida mjini. Mtu akinikosea kwenye hesabu nilikuwa namsema mpaka anatafuta mlango.

Kazi yenyewe ilikuwa ngeni kwa watu. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa kila kona ilikuwa na darasa la kisomo cha watu wazima, na kisomo kinataka vitabu. Wapo watu waliotunga vitabu hivyo, lakini hawakuwa na mashine ya kuchapa. Basi mtunzi anaandikiana mkataba na mwenye mashine: wewe chapa, uza, na kila nakala ikitoka unipe sehemu yangu. Sehemu hiyo ndiyo mrabaha. Kila mwaka aliyepewa ruhusa alitakiwa alete taarifa, amechapa ngapi, zimetoka ngapi, amemlipa mtunzi kiasi gani. Mimi nilikuwa naangalia kama taarifa inasema kweli. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Tulikuwa tunahubiriwa asubuhi na jioni kwamba mali ni ya wote na mnyonyaji ni adui. Sasa wewe unakuja kudai hela ya maneno uliyoyaandika, nani atakuelewa?

Mzee mmoja wa Ihanja alikuja ofisini mwezi wa kumi, jua likiwa limekausha hata mate mdomoni. Alikuwa mwalimu wa zamani wa shule ndogo za misheni, zile za vichakani ambazo mwalimu aliondoka bila pensheni. Maishani mwake alikuwa ametunga kitabu kimoja tu, cha kisomo: masomo thelathini mafupi kuhusu mkulima mbishi, mke wake, na shamba lao la uwele. Duka la vitabu pale mjini, lililokuwa la umma, ndilo lililokuwa na ruhusa ya kukichapa na kukiuza. Kitabu kiliuzwa shilingi tano, na katika hizo senti hamsini zilikuwa za mzee.

Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Akafungua leso, akatoa taarifa ya mwaka ya duka iliyokunjwa mara nne. Kwenye mstari wa chini waliandika kwamba nakala mia tatu zimeliwa na mchwa na mabaki yamechomwa moto. Kwa mkataba ule, nakala iliyoharibika haina mrabaha.

"Mwanangu," akasema, "ngozi ziko wapi?"

"Ngozi za nini, mzee?"

"Za hawa mia tatu waliokufa."

Nikacheka, tena kicheko cha nguvu, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akageuka. Mzee akasubiri nimalize. Akaniuliza mimi ni mtoto wa wapi nisiyejua jambo kama hilo. Nikamwambia nimezaliwa Unyiramba lakini nimekulia kwa mjomba karani, maziwa nikiyaona kwenye chupa.

"Basi sikiliza," akasema. "Mimi nina ng'ombe wengi, zizi dogo. Nakukabidhi wewe jirani unifugie. Maziwa unywe, samadi uweke shambani kwako. Ndama ni wangu, ila siku moja nitakukatia mmoja kwa kazi yako. Ng'ombe akifa, huji kwangu na mdomo mtupu. Unakuja na ngozi. Nitatazama alama yangu sikioni, nitatazama kama ni fisi au ni kisu. Mimi duka nimelikabidhi ng'ombe zangu. Wao wameniletea karatasi."

Haukuwa ubishi wa bure. Mwaka uliotangulia yeye na mkewe walihamishwa kutoka kwenye tembe lao la zamani, wakaletwa kijiji kipya kando ya barabara. Alisimamisha kuta haraka haraka, akaezeka nyasi alizozipata, na mvua zilizofuata zikapita katikati ya nyasi hizo kana kwamba hakuna kitu. Mama alilala kwenye maji msimu mzima. Akashikwa na kifua, na mganga wa zahanati akamwambia mzee kwamba asilale tena penye unyevu. Chumba cha kulala kilihitaji bati nane. Mrabaha wa nakala mia tatu ni shilingi mia na hamsini, na mia na hamsini ndizo bati nane.

"Mvua ikimkuta tena mle ndani nitamzika," akasema. Hakupandisha sauti. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki tano, sita zikichelewa.

Nilisimama pale pale nikachukua daftari langu. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka masikioni, na nikiwa na hasira mimi hutembea kama naenda kuzima moto. Dakika kumi nilikuwa dukani, nyuma, kwenye stoo.

Mtunza stoo alikuwa mtu mzima wa umri wa baba yangu, mzaliwa wa Itigi, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Mpole, maneno machache, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mtu wa umri ule mkoani kwetu unamwambia shikamoo hata kama amekuibia kuku. Mimi nikamwambia, "Ndugu mtunza stoo, habari za kazi." Sisi vijana wa ofisini tulipenda sana kujificha nyuma ya neno ndugu. Wote ni sawa, wote ni ndugu, kwa hiyo hakuna haja ya kuinama. Ukweli ni kwamba nilikwisha kumwona mwizi kabla sijavuka kizingiti.

Leja yake ilikuwa safi. Mwandiko mzuri, jumla zimekaa sawa, hakuna hata mahali palipofutwa. Nikamwuliza vitabu vilichomwa wapi, akanionyesha shimo la takataka nyuma ya stoo. Akasema, "Hapo." 

Sasa, kile kitabu kilibanwa mgongoni kwa pini mbili za chuma. Mchwa wa kwetu nawajua. Wanakula karatasi, wanakula kenchi za nyumba, wanakula fremu ya mlango huku umeegemea. Lakini mchwa hawali pini, wala moto wa karatasi hauyeyushi pini. Nakala mia tatu ni pini mia sita, na pini hizo lazima ziwe mle shimoni. Nikavuka barabara, nikaazima ungo kwa mama muuza vitumbua. Nikavua viatu, nikaingia shimoni na sketi yangu ya kazini, nikaanza kupepeta majivu kama mtu anayepepeta uwele.

Watu wakajaa. Nani angekosa kumwona karani wa mkoa amepakaa majivu mpaka kwenye nyusi? Mama wa vitumbua aliacha mafuta yake yanaungua. Nilipomaliza, nilikuwa nimepata pini arobaini. Nilizipanga juu ya kipande cha gazeti, nikazihesabu mara mbili kwa sauti.

"Mia sita, toa arobaini!" nikasema. "Ni mchwa gani hawa, ndugu, wanaotafuna chuma?"

Watu wakacheka, na kicheko chao kikanipa kichwa. Nikasema mengi. Nikamwita mwizi, nikamwita mnyonyaji, nikamwambia anakula jasho la mzee wa watu ambaye mkewe analala kwenye matope. Mtunza stoo alikuwa ameinamisha macho kwenye ungo muda wote. Hapo akayainua.

"Mzee gani?" akauliza.

Nikaona ananifanyia mzaha. "Mzee gani! Mmemsikia?" nikawaambia watu, nao wakaguna. Yeye akarudisha macho kwenye ungo.

Mchana huo huo nilipiga barua kwa taipureta, nakala tatu, nikigonga kwa nguvu hata herufi o zikatoboa karatasi. Nilisema mtunza stoo ameuza vitabu kwa faida yake na kughushi taarifa. Kesho yake meneja wa duka akamsimamisha kazi. Nilienda nyumbani nikala ugali nikamaliza, nikalala vizuri.

Wiki iliyofuata mzee akaja tena kutoka Ihanja. Nilimsimulia yote, ungo, majivu, pini, barua, na nikisema kweli nilikuwa nasubiri anisifu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ng'ombe je?" akauliza.

"Ng'ombe gani tena, mzee?"

"Ngozi ikikosekana, maana yake ng'ombe hajafa. Yuko mahali. Sasa wewe umekwenda kutafuta pingu. Ng'ombe hukumtafuta."

Uso wangu ulipata moto. Nilitaka kumjibu, na majibu nilikuwa nayo, lakini yale macho ya mwalimu yalikuwa yananitazama kama mtoto aliyekosea hesabu ya kujumlisha. Akaniambia nimwonyeshe anakokaa huyo mtunza stoo.

Alikuwa anakaa upande wa ziwa Kindai, nyumba yake mwenyewe ya tofali za udongo, imeezekwa bati chumba cha mbele na cha nyuma. Alipomwona mzee alimwamkia shikamoo, akamtolea kigoda. Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, za mvua, pole pole, kama watu wasio na kesi. Mimi nilisimama nyuma ya mzee nimekunja mikono. Sikumwamkia mwenye nyumba. Ubishi ulikuwa bado umenikaa kooni.

Mwishowe mzee akasema, "Huyu binti anasema vile vitabu hukuvichoma. Mimi ndiye niliyevitunga. Nakuomba tu uniambie viko wapi nikavione."

Mtunza stoo akainuka alipokuwa ameketi. "Wewe ndiye uliyevitunga?" Akamtazama kuanzia kofia mpaka kandambili. "Jina nililiona pale mbele. Nilidhani ni mtu wa zamani, ameshakufa. Au mtu wa wizarani."

Akakaa tena na kusema yote. Duka lilimtuma mara tatu kusindikiza lori la chaki na karatasi mpaka Rungwa, kule mwisho wa dunia kando ya pori la akiba. Kijiji kilikuwa kipya, mfuko wake mtupu. Alikuta watu wazima wanaandika kwa mkaa juu ya vipande vya mbao, na darasa zima linasomea ukurasa mmoja wa gazeti kuukuu. Aliporudi safari ya kwanza alimwomba meneja awapelekee vitabu, walipe watakapovuna asali. Meneja akasema pasipo na fedha taslimu hakuna kitabu. Aliomba tena, akajibiwa vile vile. Mwezi huo mchwa waliingia kweli kwenye stoo wakala nakala ishirini, akazichoma, na hapo ndipo alipopata akili mbaya. Mchwa hawashitakiwi. Akaandika mia tatu, na zilizobaki akazipakia kwenye lori, maboksi machache kila safari.

"Nilijua duka litakosa shilingi zake tano," akasema. "Duka ni la umma, kitabu nikajua ni cha umma, na kijiji ni cha umma. Niliona nahamisha kitu cha wenyewe kutoka chumba hiki kwenda chumba kile. Sikujua kuna mtu anapunjika. Ningejua kitabu kina mwenyewe, mzee, ningekuja kubisha hodi."

"Mbona hukuniambia siku ile?" nikamwuliza. Sauti yangu ilitoka kali, na sikuwa nimekusudia.

"Hukuniuliza, ndugu karani. Uliniambia."

Nilirudi ofisini nikiwa sina la kusema, jambo ambalo mwenzangu wa meza ya pili alilikumbuka kwa miaka. Kwa mkataba, nakala ikitoka stoo ikiwa nzima, hata ikitolewa bure, mrabaha wake unadaiwa. Kumbe mzee alikuwa na haki yake. Ila meneja angesema tuthibitishe kwamba vitabu vipo, na hakuna njia ya kuthibitisha ila kwenda kuviona. Nikaomba ruhusa ya safari. Mzee akasema anakwenda pia. Nikamwambia njia ni mbovu, ni siku mbili, abaki amwuguze mama. "Mama ana dada yake pale," akasema. "Na hao ng'ombe ni wangu."

Tulipanda lori mpaka Itigi, tukalala kwa jamaa wa dereva, kesho yake tukapanda lori jingine la chumvi kuelekea kusini. Mzee alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa juu ya magunia na mbung'o waliouma mpaka kupitia sweta. Nilipigana nao njia nzima, na kila nilipomwua mmoja nilijisikia nafuu kidogo.

Tulifika alasiri, saa ya kisomo. Darasa lilikuwa kwenye banda la kuhifadhia asali, watu kama arobaini wamekaa juu ya mizinga mitupu, na harufu ya nta imejaa mpaka nje. Vitabu sikuvitambua. Majalada yaliyokuwa ya rangi ya maziwa yalikuwa yamegeuka kahawia, yanang'aa. Walikuwa wameyasugua nta, kila kitabu, nje na mgongoni, ili mvua isiingie na mchwa wasikaribie. Mchwa, mama wee! Kule Rungwa wanavikinga na mchwa, na sisi mjini tunawasingizia mchwa hao hao.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama anasoma somo la mkulima mbishi aliyekataa kupanda mapema. Kidole chake kilitembea chini ya mstari. "Mvu-a... hai-m-ngo-ji... m-bi-shi," akasoma, kisha akageuka kumtazama mumewe aliyekaa nyuma. "Sikia hiyo! Mpaka kwenye kitabu wamekuandika!" Banda zima likaangua kicheko, na mume naye akacheka huku anajifuta macho. Nilimtazama mzee. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, midomo yake inatangulia kutamka kila neno kabla ya yule mama.

Mwalimu wa darasa alipotutambulisha, watu walisimama. Mmoja akamwuliza mzee kama ni kweli yule mke wa mkulima aliondoka, maana kitabu hakisemi. Mzee akasema alirudi, ila kwa masharti yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Baada ya hapo hakutoa hotuba. Aliomba avione vitabu, kimoja kimoja.

Nimehesabu vitu vingi maishani mwangu, sijawahi kuona mtu anahesabu vile. Alikipokea kila kitabu kwa mikono miwili, akakifungua, akapitisha kidole gumba mgongoni kwenye zile pini mbili, akakirudisha kwa mwenyewe na kusema, "Haya, asante." Vingine vilikuwa kwenye vijiji viwili vya jirani, vikaletwa kesho yake kwa baiskeli, navyo akavipokea vile vile. Nakala mia mbili na sabini na tisa. Mtunza stoo alisema alileta mia mbili na themanini. Nikauliza hiyo moja iko wapi. Mwalimu akasema mzee mmoja wa pale alijua kusoma mwezi mmoja kabla ya kufa, akaagiza azikwe nacho.

"Hicho kihesabu hai," mzee wangu akaniambia. Nikaandika mia mbili na themanini.

Nikashindwa kunyamaza. Niliwaambia watu wote habari za senti hamsini, bati, mvua na kifua cha mama. Yule mama mwenye mtoto akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii tumekuwa tunakamua ng'ombe wa mtu, na mwenyewe hata salamu hatujampelekea." Msimu wa kurina ulikuwa bado mbali, fedha hawakuwa nayo, wala sidhani ilikuwapo kijiji kizima. Walikusanya asali iliyobaki majumbani mwao, ikajaa kibuyu kimoja. Wakaongeza donge la nta kubwa kama kichwa cha mtoto. Mzee akapokea kwa mikono miwili.

Tuliporudi, mawingu yalikuwa yamekwisha kusimama upande wa mashariki. Nilikimbilia kwa meneja na hesabu yangu. Akaisoma, akafungua droo, akanionyesha barua ya kumfukuza kazi mtunza stoo, na chini yake ile barua yangu yenye matundu ya herufi o.

"Hakuuza," nikasema. "Niliandika uongo. Sikujua, lakini ni uongo."

"Vitabu vimetoka bila malipo, au havikutoka?"

"Vimetoka."

"Basi." Akafunga droo. Kuhusu mrabaha hakunikatalia. Alisema deni analiona, litalipwa kikao kikipitisha, na kikao ni mwezi wa tatu. Nikamwambia mwezi wa tatu mama wa watu atakuwa kaburini. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Akanionyesha mlango, na safari hii mimi ndiye niliyeutafuta.

Mfukoni nilikuwa na shilingi ishirini na mbili mpaka mwisho wa mwezi, bei ya bati moja na misumari. Nikaazima turubai kuukuu la ofisi, lakini sikupata gari siku ile wala iliyofuata. Alhamisi mchana mvua ya kwanza ikaanguka. Ilipiga kwenye bati za serikali mpaka tukawa hatusikizani. Nilikaa pale kavu, nikisikiliza, nikifikiria kifua cha mwanamke ambaye sijawahi hata kumwona. Nilijichukia. Hasira yangu yote, na ungo wote ule, havikumpa hata bati moja.

Jumamosi nikafika Ihanja na turubai begani. Nilidhani nimepotea nyumba. Chumba cha kulala kilikuwa na bati. Si mpya: zimefubaa, zimebonyea, mbili zina rangi ya buluu iliyobabuka. Zilikuwa zimejaa matundu ya misumari ya zamani, na kila tundu limezibwa kwa nta ya kahawia. Mama alikuwa amekaa mlangoni amejifunika vitenge viwili, anachambua kunde.

"Karibu, karani wa pini," akasema. Kumbe na yeye ana mdomo.

Nilimwamkia, nikauliza bati zimetoka wapi.

"Yule mwizi wako kaleta," akasema. Alikohoa kidogo, akaendelea. "Kaja Jumatano juu ya lori la mchanga na wanawe wawili. Kapanda mwenyewe, kapigilia mwenyewe, hakunywa hata maji mpaka kamaliza. Mzee alikuwa chini anampa nta ya kuzibia. Jana yake alikuwa kaziezua kwake, chumba cha mbele. Alhamisi mvua ikapiga. Mimi nikaweka mkeka katikati ya chumba makusudi, nikalala chali nikitazama juu. Kelele tupu. Tone hata moja halikupita." Akasema neno kwa Kinyaturu, mzee akacheka ndani, akakataa kunitafsiria.

Nililia pale pale, nimekumbatia turubai la serikali. Mama aliniacha nilie, akaendelea na kunde zake. Nilipomaliza akanisogezea ungo, nimsaidie.

Mwezi wa tatu kikao kilikaa na mrabaha ukalipwa, shilingi mia na arobaini, senti hazikupungua. Mzee alikuja ofisini akatia saini. Akahesabu noti, akazifunga kwenye ile leso yake, kisha akanisukumia mezani.

"Hizi ni za bati zake," akasema. "Mpelekee."

"Mzee, si afadhali upeleke mwenyewe? Atafurahi kukuona."

"Mimi nilikwisha kumwamkia," akasema. "Wewe bado."

Kwa hiyo aliniona siku ile, nimesimama nyuma yake nimekunja mikono. Aliliona kosa langu akaliweka moyoni, miezi yote hiyo.

Mtunza stoo alikuwa siku hizo anaziba sufuria kando ya barabara, na mahali alipopata pa kukaa ni pale pale, mkabala na stoo ya duka, jirani na mama wa vitumbua. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu tele. Wengi wao walikuwapo siku ya majivu. Nilivaa ile ile sketi. Nilipofika mbele yake alikuwa ameinamia sufuria, nyundo mkononi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nilipiga goti, kwenye vumbi, kama nilivyofundishwa na mama yangu kabla sijajua kusoma.

"Shikamoo, baba."

Mama wa vitumbua aliacha kugeuza. Yeye akaweka nyundo chini, akajifuta mikono kwenye suruali, kwanza wa kushoto, halafu wa kulia. Mimi sikuinuka.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akanivutia kigoda. "Kaa. Umekula?"